Mjadala: Arthur, Joel au Link, nani anastahili kuitwa shujaa?

Nahodha: Ndugu zangu, katika gemu tulizocheza, ni mhusika mkuu yupi anayestahili kuitwa shujaa, na kwa kigezo gani? Mimi namtaja Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2 (2018). Alikuwa jambazi, lakini alipojua kwamba kifua kikuu hakitamwacha, alizitumia nguvu zilizobaki kumwokoa mwenzake wa genge, John Marston, na familia yake. Ushujaa ni kuilipa gharama mwenyewe. Joel wa The Last of Us simhesabu kabisa, na wanaompigia debe mara nyingi ni watu ambao hawajawahi kulea mtoto.

Mama Pacha: Hilo la kulea umelitoa wapi, bwana Nahodha? Mimi ni mzazi, na Joel ndiye ninayemtetea. Kule hospitalini Salt Lake City, Fireflies, kundi la waasi, walikuwa tayari kumpasua ubongo Ellie, msichana mwenye kinga dhidi ya maradhi aliyekuwa chini ya ulinzi wa Joel, kwa matumaini ya kupata chanjo, naye amepoteza fahamu, hata kumwamsha wamuulize hawakutaka, ndipo Joel akawaua na kumtoa. Mzazi gani angesimama mlangoni apige hesabu ya walimwengu?

Kisogo: Dada, hakuna aliyesema amwache afe. Kinachonikera ni yale mazungumzo ya mwisho, Ellie anapomtaka aape kwamba aliyomweleza kuhusu Fireflies ni ya kweli, naye anaapa uongo huku akimtazama usoni. Kama kosa la Fireflies ni kutomuuliza mtoto, Joel naye alimuuliza lini?

Mama Pacha: Na wewe mtoto wa miaka 14 ungemwambia nini, kwamba yu hai kwa sababu jengo zima limejaa maiti? Hili ndilo ninalolisema: kulea mnakusoma tu.

Nahodha: Nilisema "mara nyingi", sikusema "wote". Aliyejishika kichwa mwenyewe asidai kwamba nimempiga kofi.

Padi Mkononi: Mkimaliza ya malezi, turudi kwa Arthur, kwa sababu Nahodha ameiruka sehemu nzito. Huo ugonjwa aliupata kwa Thomas Downes, mdaiwa aliyekuwa hoi, ambaye Arthur alimpiga mpaka akamkoholea damu usoni. Gemu yenyewe haikupi hiari hapo: usipompiga, hadithi haisogei. Lakini mwishoni hiari unapewa, umsindikize John au urudi kufuata pesa za genge, na heshima yake inapanda au kushuka kwa matendo yako wewe uliyeshika padi. Kwa hiyo Arthur unayemsifu ni yule wa kwako, Nahodha. Wa jirani yako huenda alikufa akikimbilia pesa, na jina lake ni lilelile.

Kisogo: Ndiyo maana mimi nasimama na Link, shujaa wa gemu za The Legend of Zelda. Hatamki hotuba, hajitetei, na katika Breath of the Wild (2017) shajara ya binti mfalme Zelda inaeleza kwamba ananyamaza kwa kuwa macho ya watu wengi yako kwake, naye anaona ni lazima aubebe mzigo kimyakimya.

Padi Mkononi: Link ni mtiifu mno. Sijawahi kumwona akisitasita.

Nahodha: Uchaguzi wa mchezaji hauniondolei hoja. Njia ya heshima imeandikwa ndani ya gemu, na anayeifuata anamkuta Arthur akiwa amelipa kwa uhai wake, wakati deni la Joel lililipwa na madaktari.

Mama Pacha: Sawa, tukipime kigezo chako. Katika Shadow of the Colossus (2005), Wander anayaua majitu 16 ili Mono, msichana aliyekufa, afufuke, na mengi kati ya hayo yalikuwa yamejikalia bila kumchokoza mtu. Kila moja linapoanguka, giza linamwingia mwilini, na sura yake inazidi kuchakaa kadiri safari inavyoendelea. Gharama aliilipa mwenyewe, tena yote. Je, huyo ni shujaa? Nijibu hilo kwanza, ya nani kalea na nani hajalea tutayarudia baadaye.