Muuza vidonge vya nywele wa Ngamiani kanivua mtandio mbele ya watu!!!

Mama_Mabawa: Wakuu, naandika huku natetemeka. Jina sitaji, watu wa Tanga mnamjua: yule mwenye spika mlangoni inayopiga kelele "nywele hadi kiunoni" toka alfajiri mpaka isha. Kaniuzia kopo la biotini, ile vitamini B7, limeandikwa mikrogramu 10,000. Nimemeza mpaka naota vidonge usingizini, kichwani hola. Leo nimekwenda kumuuliza, tena kistaarabu. Kanivuta mtandio! Kachungulia utosi, akawageukia wateja: "Mbegu hailaumiwi kwa jangwa." Jangwa, mimi! Mbele ya watu! Kuna kijana alikuwa anakula muhogo, kacheka mpaka kapaliwa.

Kijogoo_Makorora: Pole dada. Tuwekee picha ya jangwa tupime wenyewe 😂

NesiMstaafu: Mtu mzima anatosheka na mikrogramu kama 30 kwa siku, mayai, maini na karanga unazipata. Upungufu wa biotini ni nadra, labda uwe unabugia ute mbichi wa mayai muda mrefu. Kwa asiyepungukiwa, ushahidi kwamba inaotesha nywele ni hafifu mno. Kapime wekundu wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo. Ila waambie maabara unameza hivyo vidonge, vinavuruga majibu. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitahadharisha 2017: hata troponini, kipimo cha moyo, inaweza kusoma chini ya ukweli.

Mama_Mabawa: Ahsante, lakini dada umesoma? KANIVUTA MTANDIO.

Binti_Raskazone: Na hizo rasta unazobanwa mpaka nyusi zinapanda? Nywele za mbele zikivutwa kila siku zinakimbia, umeze kopo zima.

Mla_Muhogo: Kijana mwenyewe ndiye mimi. Pilipili ilipanda puani. Samahani mama, ila lile neno lilikuwa zito.

Mama_Mabawa: Shindwa na ulegee!

BabaJunior: Afadhali yako. Mke wangu anakoroga kolajeni ya unga, ile protini ya ngozi, kwenye chai, hela ya ada. Tumboni inameng'enywa kama protini nyingine, si bora kongoro? Nimesema hivyo, nimelala sebuleni.

Binti_Raskazone: Kongoro lipi, la mfupa mtupu? Mngemjua fundi cherehani wangu! Gauni la harusi kalishona mkono mmoja mrefu.

Kijogoo_Makorora: Yule wa Chumbageni, anayesema "njoo kesho"?

Binti_Raskazone: Huyo huyo!

BabaJunior: Ana kanzu yangu tangu Maulidi. Juzi nimemwona mdogo wake kaivaa.