Naomba ushauri: kijitabu changu cha istilahi za saikolojia kimekwama

Kalamu Nzito: Wakuu, habari za jioni. Niko huku Mbeya, na kwa miezi minne nimekuwa nikiandaa kijitabu cha kurasa 40 kinachomweleza msomaji wa kawaida istilahi za saikolojia. Nimekwama kwenye "uimarishaji hasi": nimeandika kwamba ni adhabu, lakini rafiki yangu anasema nimekosea. Nina haraka, kwa kuwa mvua ya wiki iliyopita ililowanisha nusu ya daftari langu na nimelazimika kuandika upya. Nisaidieni neno hilo tu.

Mwalimu Mstaafu: Rafiki yako yuko sahihi. Kwa B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi matokeo yanavyojenga tabia, "hasi" si ubaya bali ni kuondoa, kama alama ya kutoa katika hesabu. Baridi ya Makambako inakuuma, unavaa sweta, baridi inakwisha. Kesho utalikimbilia sweta mapema zaidi. Tabia imeimarika kwa sababu karaha imeondolewa, ilhali adhabu huipunguza tabia. Nilifundisha miaka 31, na kila mwaka wanafunzi walikosea hapo hapo.

Mama Parachichi: Kumbe! Nilikuwa nikimfokea mwanangu hadi ashike ufagio, ndipo ninyamaze, naye akajifunza kuushika upesi. Lakini na mimi nilikuwa nikifundishwa, maana nikifoka uchafu unaondoka, hivyo kesho yake nafoka tena. Siku hizi yuko Dodoma na anafagia bila kuambiwa.

Dereva wa Kyela: Msimsahau Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi, na mbwa wake waliozoea kudondokwa mate kwa kusikia tu mlio uliotangulia chakula. Mimi nikisikia tu sufuria ya ndizi ikifunuliwa, mate yanatangulia.

Binti wa Kihesa: Ndugu mleta mada, mtu hakwami miezi minne kwa neno moja. Tuwekee na istilahi nyingine, pamoja na mifano yake.

Kalamu Nzito: Zipo sonona (huzuni nzito isiyoisha), kiwewe (jeraha la akili baada ya tukio la kutisha) na skizofrenia. Hiyo ya mwisho nimeieleza kuwa ni mtu mmoja mwenye nafsi mbili, na mfano wake ni binti anayeimba kwaya na kucheka Jumapili, lakini akirudi nyumbani hasemi na mtu siku tatu.

Binti wa Kihesa: Binti huyo ni nani?

Kalamu Nzito: Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunayeishi naye. Jina nimelibadilisha, na mchapaji nimekwisha kumpa malipo ya awali, kwa hiyo sioni sababu ya kulirudia suala hilo.

Mwalimu Mstaafu: Sababu ipo. Eugen Bleuler, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi aliyelitambulisha neno hilo mwaka 1908, alilijenga kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kupasuka na akili, akikusudia kwamba fikra na hisia hukosa kushikamana. Hakusema watu wawili ndani ya mwili mmoja. Mgonjwa huweza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoweza kumtoa humo. Kunyamaza siku tatu hakutoshi kuitwa skizofrenia, wala hata sonona. Hilo hupimwa na daktari.

Kalamu Nzito: Nimekuelewa, Mwalimu, ila mfano halisi huingia akilini upesi kuliko wa kubuni, na wasomaji wangu hawamjui.

Mama Parachichi: Anaimba kwaya, halafu hawamjui?

Binti wa Kihesa: Ongeza istilahi nyingine kijitabuni: mkinzano wa fikra, ambao mwanasaikolojia Leon Festinger aliueleza mwaka 1957. Fedha imekwisha kutoka, moyo unakusuta, nawe unatafuta sababu za kuunyamazisha moyo badala ya kumpigia simu mchapaji.

Mzee wa Soweto: Mnachezewa, jamani. Huu ni mwezi wa Julai, na hapa Mbeya mjini sijaona tone tangu Mei. Hiyo mvua iliyolowanisha daftari ilitoka wapi? Naona hata shemeji mwenyewe ni wa kutungwa.

Kalamu Nzito: Niko Tukuyu, mkoa huu huu wa Mbeya, mzee wangu.

Mzee wa Soweto: Kwa Tukuyu nakubali, huko mvua haisubiri msimu. Basi nijibu hili: shemeji ameusoma ukurasa huo?

Kalamu Nzito: Yeye ndiye anayenichapia kwenye kompyuta, tangu ukurasa wa kwanza. Alipofika hapo aliniuliza kama "nafsi mbili" iandikwe kwa herufi za mlazo. Nikamwambia ndiyo.