Naomba ushauri: doa kwenye picha ya mifupa ya mama

Habari zenu ndugu zangu. Mama alitibiwa saratani ya titi miaka 4 iliyopita, na kila mwaka anapigwa mamogramu (eksirei ya matiti). Ya safari hii ni daraja la BI-RADS 2, yaani hakuna dalili ya saratani. Shida ni mgongo. Unamuuma usiku, hata kugeuka kitandani lazima ashike ukingo kwanza.

Daktari akaagiza skani ya mifupa, ile ya kuchomwa sindano ya teknesiamu 99m (dawa yenye mionzi kidogo) na kusubiri kama saa 3 ndipo upigwe picha. Imeonyesha doa moja jeusi kwenye pingili ya kiuno. Nimeelezwa dawa hiyo hujikusanya popote mfupa unapojijenga upya, kwa hiyo hata pingili iliyosagika au iliyopata ufa huonekana vilevile. Na mama aliwahi kuanguka vibaya bafuni.

Sasa anatakiwa apige MRI (picha ya mashine ya sumaku), naye hataki, anasema amechoka na mashine. Ile ripoti ameikunja na kuificha chini ya mto. Nikimtazama naishiwa maneno.

Mliopitia hili, MRI ilitosha kutofautisha saratani na ufa wa kawaida, au ilibidi ichukuliwe sampuli ya mfupa? Na mgonjwa mlimshawishije?