Hilux ya mzee ya 1986, nifufue injini ya 2L au niweke ya 3L (majina ya injini za Toyota, si lita)?

Wakuu salama? Mzee kaniachia Hilux dizeli, injini 2L, imelala chini ya mwembe miaka sita na ukifunua kapeti upande wa dereva unaona ardhi kabisa. Kabla haijalala ilikuwa inachemsha maji kila kilima, fundi kasema silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) imepasuka. Nataka irudi barabarani ila sura ya mzee ibaki, nianzie wapi?

—Pole mkuu, hiyo hedi ndio ugonjwa wa 2L. Tafuta 3L, ni cc 2779 badala ya 2446, ni ndugu wa familia moja. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu zifuatane na pistoni, weka mpya hapohapo, ukikatika valvu zinagonga pistoni umekwisha.

—Injini baadaye bana, anza na shasi, yaani fremu ya chini inayobeba gari!! Piga nyundo taratibu, ikilia butu jua kutu imekula kwa ndani. Na fundi asikuzibie sakafu kwa puti (ile ya kupaka kabla ya rangi), akate achomelee bati jipya.

—Rejeta usiisahau, ya zamani imeziba hiyo, 3L nayo itachemsha vilevile

—Asanteni sana, Jumamosi natoa kapeti lote.