Dhahabu na mwanga vinawezaje kutambua molekuli moja tu?

Mtaalamu wa maabara, Moshi

Habari za jioni ndugu zangu. Kila siku napima malaria kwa kipimo cha haraka, ambacho mstari wake mwekundu hutokana na chembe ndogo sana za dhahabu zilizobebeshwa kingamwili. Mstari huo hauonekani mpaka chembe nyingi mno zikusanyike mahali pamoja. Sasa nasoma kwamba dhahabu hiyo hiyo, ikimulikwa, hutambua hata molekuli moja. Protini ina upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), ilhali hadubini ya kawaida ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Inawezekanaje?

Mwalimu wa fizikia, Arusha

Dada, hapa hatutazami umbo la molekuli, bali tunapima inavyoubadilisha mwanga. Ndani ya chembe ya dhahabu mna elektroni huru, na wimbi la mwanga ambalo idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde inalingana na yao huziyumbisha zote kwa pamoja, hata nguvu ya mwanga ikajikusanya kwenye ncha za chembe au katika mwanya mwembamba kati ya chembe mbili. Rangi nyekundu ya mstari wako inatoka huko huko. Michael Faraday alikwisha kuihusisha na udogo wa chembe mwaka 1857. Mwaka 1997 watafiti walipata saini ya Raman (mabadiliko ya rangi ya mwanga uliotawanywa, yanayotambulisha molekuli) ya molekuli moja moja za rangi zilizoshikamana na chembe za fedha. Mwaka 2012 zikatambuliwa protini moja moja, bila kutiwa rangi yoyote, kwa vijiti vya dhahabu: protini ikitua kwenye kijiti, rangi ya kijiti hicho husogea kidogo sana kuelekea wekundu. Binafsi naona hili la pili ndilo kubwa zaidi.

Mwanafunzi wa uzamili, Tengeru

Shikamoo mwalimu. Naomba niongeze jambo moja, kwa sababu dada anafanya kazi na damu. Kutambua molekuli iliyokwisha kufika kwenye ncha si sawa na kuipata molekuli hiyo moja ndani ya tone zima. Eneo lenye mwanga mkali ni la nanomita chache tu, na molekuli hulifikia kwa kutangatanga, hivyo zikiwa chache mno tunaweza kusubiri kwa muda mrefu sana. Isitoshe, lita moja ya seramu (majimaji ya damu yanayobaki baada ya damu kuganda) ina gramu 35 hadi 50 za protini iitwayo albumini, ambayo huwahi kuing'ang'ania dhahabu kabla ya protini tunayoitafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ni ya kemia: kuufunika uso wa dhahabu kwa tabaka lisilonasa protini, na kuziacha ncha peke yake zikiwa na kingamwili.