Naomba ushauri: mwongozo tulioiandikia maktaba una kosa, tarehe ya PDF nairudishaje nyuma?

Mwana_Arua: Wakuu, wakubwa shikamooni. Nasoma Kampala, mwaka wa tatu. Mradi wetu wa kuhudumia jamii ulikuwa kuandika mwongozo wa Koha, ile programu ya bure ya maktaba iliyoanzia New Zealand, kwa maktaba moja ya jamii kule Arua. Kuna kosa dogo ukurasa wa 14. Nataka kuweka PDF mpya, tarehe ibaki ya zamani. Inawezekana?

Boda_Msomi: Kosa dogo na tarehe ya uongo wapi na wapi? Tema yote.

MamaRoleksi: Mwaka 2009 niliwaandikia mashemeji karatasi ya kuwasha jenereta, nikasahau oili. Ikafia harusini, keki ikakatwa kwa tochi. Mpaka leo wananiita Fundi.

Mwana_Arua: Sawa. Ukurasa huo ni wa kufuta wasomaji waliohama. Koha inakupa njia tatu: kujaribu tu, kutupa pipani, kufuta moja kwa moja. Mhadhiri alitaka kurasa zisizidi 20, nikazikata njia mbili za mwanzo. Dada wa maktaba kafuata nilivyoandika, wasomaji wote wamepotea. Lakini zote tatu zipo kwenye skrini, si angesoma?

Mzee_wa_Jinja: Mwanangu, wewe mwenyewe uliijaribu hiyo hatua?

Mwana_Arua: Hosteli umeme ulikatika, mzee. Picha nilizitoa mtandaoni.

Mzee_wa_Jinja: Alaa! Na maksi mkapewa.

Kodi_na_Chapati: Chai hii. Koha haimfuti msomaji mwenye kitabu mkononi. Maktaba nzima hakuna hata mmoja aliyekaa na kitabu?

Mwana_Arua: Walivirudisha vyote, ilikuwa wiki ya kuhesabu. Na PDF nimeshaituma, juu nimeandika tarehe ile ile. Naulizia tu ile iliyojificha ndani ya faili.

MamaRoleksi: Heri yangu na oili.

Kodi_na_Chapati: Haya, tuseme si chai. Alifuta lini?

Mwana_Arua: Ijumaa jioni.

Kodi_na_Chapati: Koha iliyowekwa kwenye Debian, mfumo endeshi wa kompyuta, kwa njia ya kawaida hujifanyia bakapu (nakala za akiba) kila siku, inaziweka kwenye folda ya /var/spool/koha. Ila hutunza za siku mbili tu, za nyuma inazifuta. Achana na tarehe, piga simu SASA, ile ya Ijumaa asubuhi inakiliwe kwenye flashi.

Mwana_Arua: Nimepiga mara nne. Leo Jumapili, wamefunga.

Kodi_na_Chapati: Basi omba na kwao umeme uwe umekatika tangu Ijumaa.