Tupeane uzoefu: mradi uliotangazwa kwenu, mkausubiri miaka, na haukujengwa

Mwenye mada, Wete

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nilikuwa Lamu kwenye harusi ya binti wa ami yangu, mwenye shamba la mikorosho upande wa Kwasasi, mahali palipokusudiwa kujengwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Leseni yake ya mazingira ilitolewa mwaka 2016 na ikafutwa tarehe 26 Juni 2019, kwa hoja kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tulifurahi hata sisi wa Pemba, kwani bahari yetu ni moja. Lakini ami aliniambia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: tangu wapimaji walipoweka bikoni shambani mwake hakupanda tena mche hata mmoja, na hakuna aliyemkataza. Je, nanyi yamewahi kuwafika?

Muuza viungo, Unguja

Wa alaykumu ssalaam. Mimi niliishi Kitui miaka kadhaa nikiuza karafuu na mdalasini, wakati habari za makaa ya mawe ya bonde la Mui zilipokuwa moto. Bonde lilikuwa limegawanywa vitalu 4, viwili kati yake vikapewa kampuni ya Fenxi ya China, na ilisemekana kwamba mtambo huo wa Lamu ungeanza na makaa ya Afrika Kusini kisha ungelishwa kutoka Mui. Mgodi wa wazi si shimo la kuteremkia kwa ngazi. Udongo wote wa juu huondolewa, pamoja na nyumba, visima na makaburi, na hayo makaburi ndiyo yaliyowauma wazee kuliko fidia. Mwenye nyumba wangu alikuwa akijenga, akasimama kwenye lenta. Alikuwa akisema, "Nikimaliza, wataniambia nimejenga kwa tamaa ya fidia, na nisipomaliza nitalipwa ya nusu nyumba." Hadi ninaondoka, makaa hayakuchimbwa, na ile lenta ilikuwa imeota majani.

Mchangiaji, Unguja Kaskazini

Kwetu hakuna makaa, kuna mchanga. Ilivuma kwamba eneo letu lingefunguliwa kuchimbwa, nasi tukakata minazi 11 tuuze mbao kabla gari hazijafika. Gari hazikufika. Siwezi kumlaumu mtu, shoka lilikuwa letu.

Mchangiaji, Micheweni

Naomba nitofautiane nanyi kidogo, kwa sababu mnazungumza kana kwamba kila mtu aliuombea mradi ufe. Kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kufika Pemba mwaka 2010, umeme wetu ulitegemea majenereta ya dizeli, na aliyewahi kusomea mtihani kwa kibatari hawezi kuwacheka watu wa Lamu walioutaka mtambo ule. Shemeji yangu wa huko alijifunza kuchomelea vyuma akitumaini ajira ya Kwasasi. Leo anatengeneza mageti na anajikimu vyema, ila humwambii kwamba hukumu ile ilikuwa ushindi.

Mwenye mada, Wete

Nashukuru, na maneno ya ndugu wa Micheweni nimeyapokea, kwani hata ami alikuwa amekwisha kuzigawa pesa za fidia kichwani mwake. Linaloniumiza ni hesabu ya miti. Sisi wenye mikarafuu tunajua kwamba mche wa leo hukusubirisha miaka 6 au zaidi kabla ya kukupa pakacha la kwanza, kwa hiyo asiyepanda kwa miaka michache hupoteza na mavuno ya miaka ambayo mradi wenyewe umeshasahauliwa. Niliporudi Pemba alikuwa amechimba mashimo 40 ya mikorosho mipya. Bikoni hakuzing'oa. Moja anaifungia mbuzi.